Mwaka Majirani Walipotuvunia

Jumatano, 8 Septemba 1993

Uchaguzi umeitishwa leo. Lorne alinipigia simu kutoka Ottawa kunieleza, kana kwamba huku kijijini Tarbet hatuna redio. Akauliza, "Ngano vipi?" Nikamwambia imelowa chapachapa, mvua haijakatika tangu Julai, na ukungu umeanza kwenye masuke. Akasema, "Vizuri, vizuri," akaendelea na habari za kura za maoni. Mume wangu amekuwa akiniuliza habari za shamba kwa simu miaka yote hii, na sijui kama kuna siku amesikia jibu.

Alhamisi, 9 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 11 Septemba

Amefika. Amenenepa kidogo, na nywele amezikata kama mtangazaji wa televisheni. Amekuja na mkuu wa kampeni yake, Sheila Brandt, mwanamke wa Winnipeg aliyevaa viatu vyeupe katika tope hili. Hata chai haijaiva alikuwa ameshateka meza yangu ya chakula na kuijaza makaratasi. Mabango yamerundikwa bandani, na kombaini yangu, mashine ya kuvunia, imetolewa nje mvuani ili mabango yasilowe. Nilisema. Lorne akajibu, "Ni wiki sita tu, Myrna."

Mimi sikuolewa na mwanasiasa. Niliolewa na mkulima aliyekuwa akilalamikia barabara, na alilalamika vizuri mno hata watu wa Manitoba huku kwetu wakampeleka bungeni. Alikaa miaka kumi na mmoja katika Bunge la mkoa, Winnipeg, minne kati ya hiyo akiwa waziri wa barabara, kisha akahamia Bunge la taifa kwa tiketi ileile ya Wahafidhina. Lami inayopita mbele ya kanisa aliileta yeye, na watu wakaiita barabara ya Lorne. Siku hizi nasikia wanaiita barabara tu. Huko Ottawa aliipigia kura ya ndiyo ile kodi mpya ya asilimia saba kwa kila kinachonunuliwa, na hapa Tarbet watu wanaweza kukusamehe mengi, lakini si hilo.

Jumanne, 14 Septemba

Naandikia kitandani, hospitali, mjini Brandon. Jana nilipanda ghala la chuma kutazama kama ngano ya mwaka jana imeingiwa na maji. Ngazi ilikuwa inateleza. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili chini ya goti. Nililala pale chini kwenye tope, mbwa akibweka, mpaka Stan Prokopchuk akavuka mtaro kuja kuona kulikoni.

Stan ni jirani yetu tangu tulipooana. Yeye na Lorne walicheza hoki timu moja wakiwa vijana. Kila uchaguzi huwa anapigilia bango la Lorne kwenye njia ya kuingilia kwake hata kabla hatujamwomba. Jana alinibeba hadi kwenye pikapu yake, akanifunika koti lake, akaendesha mpaka tukafika mjini. Hapo akasema, "Ukitaka kukwepa kampeni, Myrna, kuna njia rahisi zaidi."

Ijumaa, 17 Septemba

Niko nyumbani, plasta hadi juu ya goti. Lorne alikaa ukingoni mwa kitanda akanishika mkono.

"Nitasimamisha kampeni," akasema. "Nitavuna mwenyewe."

"Kombaini utaiweza?"

"Si kama ile ya zamani?"

"Si kama ile ya zamani, Lorne. Hii nimeinunua ukiwa Ottawa."

Nikamwambia aende zake kwenye kampeni. Aliinuka haraka mno, na hilo liliniuma kuliko mguu.

Jumapili, 19 Septemba

Mvua. Kanisani sikwenda.

Jumanne, 21 Septemba

Leo nimezunguka naye kubisha hodi, mimi nikiwa kiti cha nyuma na mguu umenyooshwa. Sheila anasema mke aliyevunjika mguu anapendeza machoni pa wapiga kura. Mwanamke huyu hana ubaya. Anachokosa ni haya tu.

Kwenye karakana ya magari, fundi hakutoa hata kichwa chini ya gari. Akasema kutoka kulekule, "Ile asilimia saba umekuja kuichukua mwenyewe, Mheshimiwa, au niipeleke posta?"

Lorne akacheka, kisha akachuchumaa akaanza kumweleza habari za deni la taifa. Alieleza mpaka injini ikapoa. Fundi alisikiliza jinsi mgonjwa anavyomsikiliza daktari akiwa ameshaamua dawa hanywi. Njiani kurudi nilihesabu mabango ya Wes Unger, muuza mbolea, mgombea wa hiki chama kipya cha Mageuzi. Nikaacha kuhesabu. La Lorne niliona kwa Stan peke yake.

Alhamisi, 23 Septemba

Nettie, mke wa Stan, amepiga simu. "Jumamosi wanasema kutakuwa kukavu," akasema. "Usipike kitu."

Basi. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza. Nilipoweka simu nililia kidogo jikoni, peke yangu.

Hivi ndivyo ilivyo hapa kwetu. Mtu akifa, au akilazwa, au akivunjika wakati mazao yako shambani, majirani huja siku moja na kombaini zao, na mafuta yao, na chakula chao. Haombi mtu, na hashukuru mtu. Shukrani yako ni kwenda shambani kwa mwenzako zamu yake itakapofika. Mwaka ule mzee Friesen alipokufa nilikwenda mimi, nikavuna shayiri ya mjane wake hadi giza, na tangu siku ile mjane yule hajanitajia hata mara moja. Ananiletea mayai tu.

Jumamosi, 25 Septemba

Jua lilitoka. Walianza kuingia mara umande ulipokauka. Stan alitangulia, nyuma yake jirani yetu Peter Harasym, kisha vijana wa marehemu Friesen, na wengine, hata wale ambao Lorne hajakanyaga nyumbani kwao miaka mingi. Kombaini kumi na moja. Niliwekewa kiti barazani na blanketi magotini.

Kuna jambo nililiona nami nitaliandika, kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Nusu ya pikapu zile zina karatasi za Mageuzi kwenye vioo, na leo hazikuwa nazo. Walikuwa wamezibandua kabla ya kuingia langoni, alama za gundi zilikuwa bado zinaonekana. Aliyeendesha lori la kubeba ngano ni Wes Unger mwenyewe, mgombea, kofia imeshushwa hadi machoni. Alipopita barazani aliinua vidole viwili tu kutoka kwenye usukani kunisalimu. Na mimi nikainua viwili.

Mchana, nusu ya shamba ikiwa imekwisha, walikaa kwenye majani kula. Nettie alikuwa ameleta wali uliofungwa katika majani ya kabichi na sufuria ya supu. Ndipo gari la kampeni likaingia. Lorne alikuwa na mkutano mjini Dauphin, mtu akamwambia majirani wako shambani kwetu, akaja mbio. Alishuka na suti yake, akasimama anatazama zile mashine na lile vumbi, na nikaona midomo inamtetemeka. Wakati huo nilimpenda kama zamani. Nikasema moyoni, sasa avue koti, achukue sahani, aketi na wenzake.

Akapanda kwenye trela.

"Marafiki," akasema. Niliijua sauti ile ya majukwaani, nikafumba macho. "Wiki mbili hizi nimesikia mengi. Nimeambiwa watu wangu wamenitupa. Leo nimejionea mwenyewe. Leo mmesimama nami, na mimi sitasahau."

Walikuwa wanatazama viatu vyao. Mtoto mmoja wa Friesen aliweka kijiko chini.

"Lorne," Stan akasema taratibu, "shuka ule."

"Ngoja kidogo, Stan. Lazima niseme hili."

"Supu inapoa, bwana."

Hakushuka. Alitaja barabara, akataja hospitali, akasema kwamba safari hii tutawashangaza wale wa mjini. Sheila alikuwa anazunguka na kamera, tena si kwa kujificha. Alipomaliza, Lorne alingoja makofi. Peter Harasym, mtu mpole kuliko wote, ndiye aliyeokoa hali. Akasimama, akasema, "Haya, mvua inakuja kesho," na wote wakarudi kwenye mashine.

Walimaliza shamba lote. Waliondoka bila kupita barazani.

Lorne alikuja akapiga magoti mbele ya kiti changu, macho mekundu. "Umewaona, Myrna? Umewaona watu wangu?"

"Nimewaona," nikasema. Alikuwa na furaha mno, sikuwa na moyo wa kumwambia.

Jumatatu, 27 Septemba

Mvua tena. Ngano iko ghalani.

Sheila ametandaza mezani kipeperushi kipya. Picha ni ya shambani kwetu. Mbele yuko Stan na sahani yake, kando Peter, nyuma kombaini zimepangana. Juu, herufi kubwa: MAJIRANI WANASIMAMA NA LORNE. Wes Unger amekatwa pichani, lakini wamesahau kiwiko chake.

Nilimwomba Lorne mbele ya Sheila, bila kuona aibu. "Usiitoe hii."

"Kwa nini? Ni kweli yote. Hakuna lililotungwa hapo."

"Walikuja kwa sababu ya mguu wangu."

"Walikuja kwetu. Nyumbani kwetu."

"Lorne, ukimaliza siasa tutaishi wapi? Nani atakuja siku nyingine?"

Aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. Nadhani alisita kweli. Sheila akasema kiwanda cha uchapaji kinangoja jibu kabla ya saa sita, na kwamba katika jimbo zima hawana picha nyingine yenye watu zaidi ya wanne. Lorne akamrudishia bila kunitazama.

"Toa," akasema.

Ijumaa, 1 Oktoba

Kipeperushi kimefika kwenye masanduku ya barua ya nyumba zote. Na letu pia.

Jumamosi, 2 Oktoba

Stan ameling'oa bango. Nilimwona kwa dirisha la jikoni. Hakulitupa, alilileta hadi langoni kwetu akaliegemeza kwenye nguzo, uso umegeukia ndani.

Jumatano, 6 Oktoba

Nilijikokota kwa magongo hadi kwa Stan. Alikuwa anarekebisha cheni. Hakuacha kazi.

"Mpwa wangu wa Brandon amenipigia," akasema. "Ananiuliza nimeanza lini kuipenda kodi."

"Nilimkataza, Stan."

"Najua ulimkataza."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ningempa kura, Myrna. Hata na kodi yake. Nilikuwa nimeshaamua, nikagombana na Nettie kwa ajili yake." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi nilikuja kwa ajili yako. Yeye akanipandia juu ya trela akanihesabu."

Akaniuliza kama mguu unauma, nikasema hauumi. Akanirudisha kwa pikapu, na tulipofika alishuka akanifungulia mlango kama anavyofanya siku zote. Nilitamani anitukane.

Jumatatu, 11 Oktoba

Karamu ya shukrani ya mavuno, ukumbi wa kijiji. Bata mzinga, viazi, pai. Kila mwaka Lorne ndiye anayemkata bata mzinga, aproni imefungwa juu ya tai, na kila mtu anampigia kelele kwamba anakata vipande vyembamba, vya kihafidhina. Mwaka huu kisu alikuwa nacho mtoto mkubwa wa Friesen. Lorne alisema ni vizuri vijana kupewa nafasi. Watu walitusalimu, wakatupisha kwenye foleni kwa sababu ya magongo yangu. Meza yetu ilikuwa na viti vinane na tulikaa sisi wawili na mchungaji.

Jumatano, 13 Oktoba

Theluji nyepesi. Imeyeyuka mchana.

Jumapili, 17 Oktoba

Lorne anataka kuitumia wiki hii ya mwisho kuwasaidia wagombea wa majimbo mengine, ambao hali zao ni mbaya. Anasema hapa nyumbani pako salama. Nilishindwa kuvumilia.

"Si salama. Hawakuja kwa ajili yako, Lorne. Walibandua hata karatasi zao ili tusione aibu. Wewe ukaenda kuzibandika upya kwenye nyuso zao."

Aliweka kikombe chini. "Nimekuwa kwenye kazi hii tangu sabini na saba. Mtu akiniunga mkono namjua kwa macho."

"Na Stan? Umemtazama macho?"

"Stan ana hasira zake. Zitapita. Stan ni ndugu yangu."

Aliondoka baada ya chakula. Zamani nilikuwa naamini kwamba siasa imenichukulia mume. Sasa naona haikumchukua. Imemfundisha tu kusikia sauti moja, na hiyo ni yake.

Jumatano, 20 Oktoba

Nettie hajapiga simu tangu mwezi uanze.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimepiga kura. Niliyempa sitamwandika hapa.

Jumanne, 26 Oktoba

Imekwisha. Wahafidhina wamebaki na wabunge wawili nchi nzima, chama kilichokuwa kikitawala. Wes Unger ameshinda jimbo kwa mbali. Lorne amekuwa wa tatu.

Alilipokea vizuri. Alimpigia Unger simu akampongeza, akawashukuru wote waliokuwa ofisini, hata akamliwaza Sheila aliyekuwa analia kwenye ngazi. Hiyo kazi anaijua. Asubuhi hii gazeti lilikuwa na hesabu za kila kituo. Alitafuta Tarbet kwa kidole. Kura zake kumi na tisa. Akaanza kunong'ona majina ya walioingia shambani kwetu siku ile, pamoja na wake zao, akafika ishirini na kitu, akaacha.

"Ulijua," akasema.

"Nilikuambia."

"Ndiyo. Uliniambia." Akalikunja gazeti vizuri, akatoka na ndoo kwenda kuwapa kuku chakula. Kuku tuliwauza miaka minne iliyopita. Alirudi baada ya muda na ndoo ileile.

Ijumaa, 29 Oktoba

Plasta imetolewa. Mguu umekonda kama wa mtu mwingine. Nachechemea lakini natembea.

Jumanne, 2 Novemba

Tumeyachoma mabango nyuma ya banda. Lorne anasema atalima. Anasoma kitabu cha maelekezo ya kombaini usiku na mchana, anapigia mstari kwa penseli. Namwonea huruma mpaka namkasirikia.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimesikia dukani, kutoka kwa watu waliokuwa wakiongea wao kwa wao, kwamba Peter Harasym amepasuliwa moyo Winnipeg. Atapona. Lakini alizeti yake yote bado iko shambani, na theluji ya kweli haiko mbali. Nilisema, "Maskini Peter." Wakasema, "Ndiyo, maskini," wakanipisha nilipe.

Ijumaa, 5 Novemba

Kavu, baridi kali. Kesho majirani watakwenda kwa Peter, najua kama ninavyolijua jina langu. Nimejaza mafuta. Nimefunga kifaa cha kuvunia alizeti, Lorne akinishikia taa. Nimeoka pai tatu. Sijakaa mbali na simu siku nzima.

Haikulia.

Jumamosi, 6 Novemba

Asubuhi nilisikia injini barabarani. Nilisimama dirishani, nikawaona wanapita mmoja mmoja kuelekea kwa Harasym.

"Labda hawakutaka kukusumbua, na mguu huo," Lorne akasema nyuma yangu.

Nilivaa koti, nikaweka pai kwenye kiti cha kombaini, nikapanda. Kila kidato kiliniuma. Kutoka kwetu hadi kwa Peter si mbali kwa gari, lakini kombaini haina haraka, na njia nzima nilikuwa napanga la kusema. Mwisho nikaamua nisiseme kitu. Huwa hatusemi. Unaingia shambani, unaonyeshwa pa kuanzia, unaanza.

Langoni alikuwa amesimama Stan. Aliniona tangu mbali na hakuondoka. Nilisimamisha mashine, nikafungua mlango. Alivua kofia, katika baridi ile.

"Tunatosha, Myrna," akasema.

Nilitazama nyuma yake. Zilikuwa kombaini tano, na alizeti ilifika hadi kwenye miti.

"Ninacho kifaa, Stan. Mguu umepona."

"Naona umepona. Nimefurahi." Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Wenzangu wanasema tunatosha."

"Na wewe?"

"Peter alikuwa kwenye ile picha, Myrna. Mke wake ameomba iwe hivi. Hataki kesho aione alizeti yao kwenye karatasi."

Nettie alikuwa anafungua vyungu nyuma ya pikapu. Aliniona. Aliinama, akawa anatafuta kitu ambacho sidhani kilikuwepo. Nilimpa Stan zile pai, akazipokea kwa mikono miwili, na huo ndio wema aliokuwa nao wa kunipa. Njia pale ni nyembamba. Ilinibidi kurudi nyuma na kwenda mbele mara nyingi ndipo nikageuza, na muda wote huo hakuna aliyewasha injini yake. Walingoja nimalize.

Lorne alikuwa uwanjani, amevaa ovaroli lake jipya. Alikimbia kuja kunishika mkono nishuke.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Sasa?"

"Wamesema wanatosha."

Nilimwona akilielewa. Aliposhindwa uchaguzi alisimama wima, kama alivyofundishwa. Hili halikuwa lake, lilikuwa langu, na lilimshinda. Aliketi kwenye ngazi ya kombaini, akaweka mikono magotini. Alifungua mdomo kama anayetaka kuanza, mtu huyu ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema mbele ya watu wawili au elfu mbili, halafu akaufunga. Nilimwacha pale nikaingia ndani. Kwa dirisha la jikoni, upande wa Harasym, vumbi lilikuwa limeanza kupanda tena.